Mfarishi Uliojificha Ndani ya Mto



Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuziweke kando ajenda za vikao na hesabu za ujenzi, tuingie chumbani, mahali lilipo sanduku la marehemu mama yangu. Mama alirejea kwa Mola wake mwaka jana, katika mwezi wa Rajabu. Baba alikuwa amemtangulia miaka mingi. Tukabaki watoto wanne, sote watu wazima: dada yetu mkubwa, mimi, na wadogo zangu wawili wa kiume. Madeni yake yalikuwa machache, tukayalipa. Nyumba tukaizungumza, ikazungumzika. Lililotushinda kulizungumza ni sanduku.

Ndani yake mlikuwa na doti tisa za khanga. Baadhi zilikuwa zimelainika kwa kufuliwa. Nyingine hazijapata kuguswa na maji, zingali na ukakamavu wa dukani. Kila aliyelifungua alisikia harufu ya udi, akalifunga. Ikapita miezi.

Lililotulazimu kulifungua tena ni safari. Binti yangu wa kwanza alipangiwa shule ya bweni huko Lushoto, nasi tukiwa watu wa Tanga mjini, ambao baridi ya milimani tunaisikia kwa wapitao. Shule ikatuletea orodha ya vitu, navyo vyote vilitakiwa vienee katika tranka moja. Tulipanga na kupangua. Mto ulitiwa ukatolewa mara tatu, na tranka halikukubali kufunga. Mara ya nne binti yangu akauchukua mto, akaurudisha kitandani, akasema kwa sauti ya chini: “Baba, mto hauna lazima. Mimi naomba khanga moja ya bibi.” Nikakumbuka kwamba mtoto huyu, tangu alipoachishwa ziwa, alikuwa akilala ubavuni mwa bibi yake.

Mke wangu anashona. Alisikiliza, kisha akataja aina ya mfarishi aliyopata kuiona zamani: mfarishi wenye mfuko mgongoni, ambao ukikunjwa huingia wote ndani ya mfuko huo ukawa mto. Mchana ni mto, usiku ni mfarishi. Mafundi wa Marekani wameupa jina lililounganishwa kutokana na maneno mawili ya lugha yao, la mfarishi na la mto. Kwa tranka letu, hiyo ilikuwa faraja kubwa.

Nikaenda kwa dada yetu kumpa habari. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mkizitia mkasi khanga za mama, mtakuwa mmemzika mara ya pili.” Hakusema tena.

Ndugu zangu wawili walikuwa wameshakubali, na walishangaa kuona nimesita. Wakanambia: “Wewe ni katibu. Sisi watatu, yeye mmoja.” Naam, katika kamati, watatu kwa mmoja hupitisha jambo. Katika mirathi, hisa ya mtu haipigiwi kura. Tumezoea kudhani kwamba mirathi ni nyumba na shamba, na kwamba nguo za marehemu ni za yeyote aliyewahi kuzichukua siku ya arobaini. Sivyo. Vazi la marehemu ni mali, na mali ya marehemu ina wenyewe. Warithi wazima wakiridhia kwa pamoja, wanaweza kumpa wamtakaye. Akikosekana mmoja, hisa yake hubaki hisa yake. Na pakiwapo yatima miongoni mwa warithi, fungu lake haligawiwi kwa hisani ya watu wengine, hata kama ni kipande cha kitambaa.

Basi tukanyamaza. Mke wangu ndiye aliyepata njia, naye aliipata kwa utepe wa kupimia. Alitandaza doti moja sakafuni, akapima: kila khanga ilikuwa na sentimita 150 kwa 110. Akaandika, akafuta, akaandika, kisha akacheka. Khanga mbili za doti moja zinatosha uso na mgongo wa mfarishi wa mtoto, bila kukatwa hata ncha moja. Kinachohitaji mkasi ni mfuko tu. Na mama alikuwa na khanga moja aliyokuwa akiivaa jikoni, iliyoungua pembe mbili kwa makaa. Hiyo ilikwisha kukatwa na moto kabla yetu.

Nilirudi kwa dada na karatasi ile ya vipimo. Aliitazama kwa muda mrefu. “Na mshono ukifumuliwa,” akauliza, “doti itarudi kuwa doti?” Nikamwambia itarudi. Akasema: “Basi nitakuja mwenyewe.”

Msomaji unayetaka kuushona, hii ndiyo kazi yenyewe.

Fua kwanza kila kitambaa, hata kilicho kipya, ili kunywea kwake kuishe kabla ya kushonwa. Piga pasi. Ukiacha sentimita mbili na nusu za mshono kila upande, khanga ya 150 kwa 110 itakupa mfarishi wa 145 kwa 105. Ndani yake sisi tulitia blanketi jembamba lililokwisha kutumika, la kipimo kile kile. Usitie sufi, hukusanyika mabonge likifuliwa. Wala usitie sponji, kwa kuwa halitakunjika likaenea mfukoni.

Laza khanga mbili zikiangaliana uso kwa uso, blanketi juu yake. Piga bandi pande zote ili visihame, kisha shona kwa cherehani, ukiacha mwanya wa sentimita 40 upande mmoja. Punguza blanketi, si khanga, karibu na mshono ili pembe zisiwe nene. Pindua kupitia mwanyani, piga pasi, uzibe mwanya kwa mkono. Kisha funga mafundo ya uzi mnene yanayopenya tabaka zote tatu, umbali wa shubiri moja baina ya fundo na fundo. Mafundo hayo ndiyo yanayolizuia blanketi lisijikusanye upande mmoja.

Sasa mfuko. Kata vipande viwili vya sentimita 43 kwa 43, kimoja cha khanga na kimoja cha bitana. Vishone uso kwa uso, acha tundu, pindua, uzibe. Utapata mraba wa 40 kwa 40. Uweke mgongoni mwa mfarishi, katikati ya upande mmoja mfupi, ukingo wake ukilingana na ukingo wa mfarishi. Shona pande tatu: ule wa ukingoni na zile mbili za ubavuni. Mdomo wa mfuko uelekee katikati ya mfarishi. Pembe mbili za mdomo zirudie mara tatu, maana hapo ndipo panapovutwa kila siku.

Sisi tulikosea hapa, nami nakuandikia usije ukakosea. Tuliushona mfuko kama wa shati, uso mzuri ukitazama nje. Tulipoupindua, bitana ndiyo iliyoonekana, na khanga ya mama ikapotea ndani. Mfuko huu hupinduliwa, kwa hiyo uso mzuri sharti uulalie mgongo wa mfarishi, na bitana itazame nje. Tukafumua mshono wote baada ya sala ya Isha.

Kuukunja ni hivi. Laza mfarishi, mfuko ukiwa chini. Kunja mabawa mawili kuelekea katikati kwa kufuata mishono ya mfuko. Kila bawa lina sentimita 32 na nusu, hivyo yatapandana. Ingiza mikono mfukoni kwa chini, shika pembe zake za ndani, uupindue juu ya mfarishi uliokunjwa kama upinduavyo foronya. Zitabaki sentimita 105 za mfarishi nje ya mdomo. Zikunje mara tatu, kila kunjo sentimita 35, uzisukumie ndani. Mto umekamilika.

Anayetaka mkubwa zaidi ashike kanuni hii: gawa upana kwa tatu, ongeza sentimita 5, hicho ndicho kipimo cha mfuko, na urefu wa mfarishi uwe sawa na upana pamoja na mfuko. Kwa mtu mzima, upana wa 135 utataka mfuko wa 50 na urefu wa 185. Hizo sentimita 5 si za kupuuzwa. Ndizo nafasi ya unene wa makunjo, na mfuko usiokuwa nazo hugoma.

Wala tusidhani kwamba kuhuisha nguo kuukuu ni dalili ya ufukara tu. Huko Karnataka, India, wanawake wa Kisidi, ambao asili ya wazee wao ni Afrika, na miongoni mwao wamo Waislamu, hushona mifarishi iitwayo kavandi kwa vipande vya nguo zilizochakaa. Huanzia ukingoni wakaelekea katikati, na kila pembe huiwekea kipande kilichokunjwa wanachokiita ua. Wanawake wa Bengali nao hupanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka wakazishona kwa bandi, ndiyo kantha. Kitambaa kilichozoea mwili hulalika kuliko kipya. Hilo wamelijua watu wengi, kila mmoja kwao.

Dada yetu alikuja siku ya mafundo. Hakutaka cherehani. Alikaa mkekani kuanzia Alasiri, binti yangu pembeni yake, mmoja akitunga sindano, mwingine akifunga. Kila fundo dada alikuwa na habari yake: doti hii mama aliinunua baada ya mavuno gani, ile alipewa na nani siku ya harusi ya nani. Nilikuwa nimekaa barazani na vitabu vya kamati, nami nikatambua kwamba tangu mazishi sikuwa nimemsikia akimtaja mama kwa sauti. Hakuna aliyemwomba azungumze. Mikono ilikuwa na kazi, na ulimi ukafuata.

Kuhusu khanga ya jikoni, ujumbe wake ulikuwa mrefu na moto ulishaula mwanzo wake. Katika mraba wa sentimita 43 lilienea neno moja tu, “SUBIRA”. Mke wangu alitaka kukata mahali pengine penye maua. Binti akakataa.

Tranka lilifunga. Mto haukuingia ndani yake. Binti aliupakata hadi stendi, akauweka dirishani mwa basi na kuegemeza kichwa. Dada alimwambia tu: “Ukifua, usikamue kwa kupopotoa. Mafundo yatalegea.”

Zimebaki doti nane. Juma lililopita dada ndiye aliyelifungua sanduku bila kuitwa, akatuuliza sote wanne nani apewe ipi, na moja tumeridhiana iende kwa jirani aliyekuwa akimuuguza mama. Nawe, ndugu msomaji, kama nyumbani kwako lipo sanduku linalofunguliwa na kufungwa, waulize wenziwe wote kabla ya kushika mkasi. Atakayekataa, msikilize anakataa nini. Huenda kinachomuuma ni mkasi tu, si mshono.

Wabillahi tawfiq.