Magurudumu Hayanunuliwi kwa Macho

Siku hizi ukipita nyuma ya maabara, pale tunapoegesha baiskeli sisi tunaotoka nyumbani kila asubuhi, utasikia mjadala mmoja tu: magurudumu. Zile baiskeli za resi za mitumba zimetuingia damuni, na kila aliye nayo anataka kung'oa magurudumu ya zamani afunge mengine. Naomba nieleweke mapema. Mimi sipingi mtu kubadilisha magurudumu. Kama mzazi amekupa pesa za kutengeneza baiskeli, basi hapo ndipo pa kuzitia, si kwenye stika wala kengele ya nyimbo. Ninachopinga ni yale yanayochaguliwa.

Yanayopendwa ni yenye rimu pana za rangi nyekundu au kijani, spoki ishirini tu, na tairi jembamba kama mjeledi. Ati yanakata upepo. Ni kweli rimu ya namna hiyo hupasua hewa vizuri, lakini faida yake huonekana mtu akienda kasi mno, kama kilomita 40 kwa saa, tena kwenye lami na kwa muda mrefu. Sasa wewe jiulize: ni nani kati yetu anayekwenda mwendo huo kwenye barabara ya changarawe, mkoba wa vitabu mgongoni na mdogo wake wa Gredi ya Tatu kwenye keria? Wengine husema ni mepesi. Uzito wa pembeni mwa gurudumu kweli huchosha, kwa sababu unapoanza kwenda unausukuma mbele na vilevile unauzungusha, kwa hivyo huwa kama umebeba karibu mara mbili. Lakini rimu pana nyingi za bei nafuu ni nzito kuliko zile za kawaida! Inua kwa mkono kabla hujalipa, utaniambia.

Nikisema hivi, wavulana wa darasa letu hunitajia Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Hata mimi najivunia habari hiyo. Lakini Froome nyuma yake kulikuwa na gari la fundi lililobeba magurudumu ya akiba. Nyuma yangu mimi kuna trekta la miwa.

Spoki ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Spoki moja ni waya mwembamba wa unene wa milimita mbili hivi. Nguvu yake ni kwamba zote zimevutwa pamoja na kusaidiana, nao wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Baiskeli za Mamba za babu zetu kwa kawaida zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na magunia ya mahindi zilibeba. Gurudumu la spoki 36 likikatika moja, hupindapinda kidogo, unalegeza breki, unafika nyumbani polepole. Lile la ishirini likikatika moja, rimu huweza kupinda hadi tairi likagusa fremu, na hapo safari imekwisha. Utaisukuma baiskeli mpaka langoni, ukute limefungwa saa moja na robo, na mwalimu wa zamu hatasikiliza hadithi ya spoki.

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji hawautaji. Mamba huitwa "ishirini na nane", na resi nayo mara nyingi huitwa "ishirini na nane". Si kitu kimoja hata kidogo! Soma nambari ndogo zilizo ubavuni mwa tairi. La Mamba huandikwa 635, la resi 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokalia rimu. Tofauti ya milimita 13 yatosha kulifanya tairi lisikae kabisa, hata fundi alivute kwa meno. Aidha, pima nafasi kati ya miguu ya nyuma ya fremu. Resi za zamani nyingi zina milimita 126, zilizofuata 130, na habu lazima ilingane nayo.

Kuhusu tairi jembamba, nacheka tu. Hao hao wa mashindano, ambao kwa miaka mingi walitumia milimita 23, wamehamia 28 na zaidi, kwa kuwa tairi nene lenye upepo wa kiasi halirukiruki ovyo, na kule kurukaruka ndiko kunakokula nguvu. Isitoshe, tairi la upepo lenyewe halikuanzia mbioni. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alilitengeneza mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Mtoto alikuwa akitikisika barabarani, basi! Mwaka 1889 Willie Hume akayafunga kwenye baiskeli yake na kushinda mashindano. Kwa hivyo weka tairi nene kadiri fremu yako inavyoruhusu.

Jambo la mwisho ni breki. Kama resi yako bado ina rimu za chuma zinazong'aa, hizo ndizo za kutolewa kwanza. Zikilowa mvua ya Aprili, breki huteleza juu yake kama sabuni, hasa pale mteremkoni kabla ya daraja. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi, hata zikiwa za mitumba na zimechubuka rangi.

Mzee anayetengeneza baiskeli mkabala na soko anaweza kukusukia gurudumu la alumini la spoki 36, kwa kutumia habu yako ya zamani ikiwa ina matundu 36 na haijaliwa. Akimaliza, zigonge spoki za upande mmoja kwa ukucha usikilize. Zikilia karibu sauti moja, kazi ni safi. Iliyo kimya imelegea, mrudishie palepale.

Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili ameshalipa nusu ya bei ya zile nyekundu, na babake aliuza mbuzi kupata pesa hizo. Ndugu yangu, bado hujazichukua. Mwombe muuzaji akurudishie, ama akupe rimu za alumini za matundu 36 badala yake. Jumamosi nitakuwa sokoni, nitakusindikiza kwa yule mzee.