Daftari la wiki: Biskuti mbele ya hakimu

Mpishi wa Kimarekani kwenye televisheni kazipasua biskuti katikati, kazipanga kwenye sahani, kazimwagia mchuzi mweupe wa soseji mpaka zikazama. Sebuleni pakazuka makelele. Mmoja wa watoto akauliza kama mtu yule anaumwa.

Haumwi. Kwao *biscuit* si kitu cha pakiti. Ni kimkate laini cha unga, siagi na mtindi, kinachoumuka kwa baking powder na kuliwa cha moto asubuhi, hasa majimbo ya kusini. Ile yetu ya kuchovya kwenye chai wao huiita *cookie*, neno waliloachiwa na Waholanzi walioishika New York kabla ya Waingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiingereza anayekariri kwamba *biscuit* ni biskuti, basi, yamekwisha, ajue kuna meza atakazoketi akaletewa mchuzi.

Waingereza nao wasicheke sana. Neno lenyewe wamelichukua Ufaransa, na maana yake ya asili ni kitu kilichookwa mara mbili: chakula cha mabaharia, kikavu kama kigae, ambacho baharia alikigonga mezani kwanza ili fukusi watoke. Biskuti nyingi za dukani leo zinaonja oveni mara moja tu.

*

Kwa seremala wa Uingereza, *biscuit* ni kipande chembamba cha mbao kinachotiwa gundi na kufichwa ndani ya maungio. Kwa mfinyanzi, ni chombo kilichochomwa mara ya kwanza, kabla ya kung'arishwa. Huyu wa pili angalau bado anakumbuka ile habari ya kuoka mara mbili.

*

Wanaoisoma safu hii wanajua nina maradhi ya kufuatilia kodi. Wavumilie tena, maana maelezo bora niliyowahi kukutana nayo kuhusu neno hili hayamo katika kamusi yoyote. Yamo katika kesi ya kodi.

Kuna kitu Uingereza kinaitwa Jaffa Cake, kilichoanza kuuzwa na McVitie's mwaka 1927. Ni kiduara kidogo cha keki laini, juu yake jeli ya chungwa, juu ya jeli chokoleti. Sasa sikiliza sheria yao. Keki haitozwi VAT. Biskuti nayo haitozwi. Lakini biskuti ikipakwa chokoleti, inatozwa kodi kamili, ilhali keki ukiipaka chokoleti hata ndoo nzima inabaki bila kodi. Mwaka 1991 kiwango kilikuwa asilimia 17.5, na maafisa wa kodi wakadai kile kitu ni biskuti. Wenye kiwanda wakasema someni jina. Wakaenda barazani.

Mwenyekiti, Bwana Potter, akaifanya kazi ambayo watunga kamusi huikwepa. Jina, alisema, halina uzito mkubwa; mtu anaweza kukiita kitu chake atakavyo. Akatazama rojo: ni la mayai, unga na sukari, jepesi kama la keki, si donge zito la biskuti. Akatazama ukubwa: wa biskuti. Pakiti: ya biskuti. Rafu dukani: ya biskuti. Namna ya kula: kwa vidole, kama biskuti. Akabonyeza: laini kama keki. Kisha ikaja hoja ninayoipenda kuliko zote. Ikiachwa wazi, biskuti hunyong'onyea kwa unyevu. Keki hukauka ikawa ngumu. Jaffa Cake hukauka. Basi ina sifa za pande zote mbili, ila za keki zinatosha. Ni keki. Serikali ikakosa kodi yake.

Nimejaribu kipimo hicho kwenye hafkeki ya kioski cha hapa jirani. Mnaijua: rangi ya kahawia, imepasuka mgongoni, nzito kiasi kwamba ukila mbili unaahirisha chakula cha mchana. Haikuokwa, imekaangwa kwenye karai. Si nusu ya kitu chochote. Mama muuzaji, nilipomuuliza ni keki au ni andazi, alinitazama kwa huruma akasema, "Baba, hiyo ni hafkeki." Niliiweka dirishani. Kesho yake ungeweza kupigilia nayo msumari. Kwa sheria ya Bwana Potter, keki halali.

Kinachonifurahisha ni kwamba mabishano haya yote yasingekuwapo bila fedha. Waingereza wamekula vitu hivi vizazi na vizazi bila kujali mpaka uko wapi. Mpaka ulichorwa siku mtu alipotakiwa kulipa. Hata wataalamu wetu wa istilahi, ambao wanaweza kukaa kikao kizima juu ya neno moja na chai ikapoa, huenda wangemaliza kabla ya saa sita kama mamlaka ya mapato ingekuwa inasubiri mlangoni.

*

Mwongozo wa kodi wa Uingereza unasema mtu-biskuti wa tangawizi akiwekewa nukta mbili za chokoleti kuwa macho, hana kodi. Mwongezee vifungo au mkanda wa chokoleti, analipiwa. Kuna mtumishi wa umma, mtu mzima mwenye pensheni, aliyekaa akayaandika hayo.

*

Wenye Pringles, mbele ya kodi hiyo hiyo ya Uingereza, walijitetea kwamba hazitoshi viazi kuitwa krispi. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikawaambia zinatosha.

*

Marekani waliimaliza ya nyanya mapema: mwaka 1893 Mahakama ya Juu yao ilikiri kwamba kwa wataalamu wa mimea nyanya ni tunda, ikaamua hata hivyo kwamba forodhani ni mboga, kwa sababu watu huila na chakula na si baada ya chakula. Mboga ndizo zilizokuwa na ushuru, bila shaka.

*

Ireland, mwaka 2020, Mahakama ya Juu ilisema mkate wa mikahawa ya Subway si mkate kwa sheria ya kodi: sukari isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga, wao walitia 10. Nilicheka. Halafu nikakumbuka Kenya ya mwaka 2024, mkate wa kawaida ulipotaka kubandikwa VAT ya asilimia 16. Pale hakuna aliyebisha mkate ni nini. Pendekezo la mkate liliondolewa, kisha muswada mzima wa fedha, na baina ya hayo mawili kulikuwa na maandamano ya tarehe 25 Juni.

*

Jaffa ni Yafa, bandari ya Palestina iliyosafirisha machungwa kwenda Ulaya. Wengi wa Waarabu wake waliondoka au walifukuzwa mwaka 1948. Jina limebaki kwenye pakiti.

*

Kila tovuti siku hizi inaniomba nikubali *cookies*. Mhandisi wa Netscape, Lou Montulli, alikiita hivyo mwaka 1994 kile kifaili kinachokumbuka nani kapita wapi, akilifuata neno la wataalamu wa kompyuta waliomtangulia. Kwa Kiingereza unakaribishwa kitu kitamu. Google kwa Kiswahili wameandika "vidakuzi", na mimi nikilisoma nasikia udaku mtupu. Aliyetafsiri, popote alipo, nitamnunulia hafkeki. Ya leo leo.