Taa Isemayo kwa Kuhesabiwa

Kijana mmoja ajifunzaye ufundi wa motokaa atuuliza habari ya Toyota ya petroli ya mwaka 1992. Taa ya injini haizimiki, nacho chombo cha kisasa cha kusomea makosa hakina mahali pa kuingia. Si ajabu. Tundu lenye pini 16 lilikuwa sheria kwa motokaa ndogo mpya huko Marekani tangu mwaka 1996. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa zile za petroli. Zilizotangulia, kila kiwanda kilikuwa na desturi yake. Toyota nyingi za wakati ule husema kwa taa yao wenyewe, wala hazidai chombo cha bei kubwa.

Penye injini tafuta kisanduku kidogo ambacho kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSTIC au DIAGNOSIS. Ndani mna matundu yenye herufi. Tunayoyataka ni TE1 na E1. Yaunganishe kwa waya mfupi, gia ikiwa huru na pedali ya mafuta isikanyagwe, kisha geuza ufunguo bila kuwasha injini. Mkono usikosee tundu, maana humo mna pia umeme wa beteri uwezao kuunguza fyuzi. Basi, hesabu. Taa ikimetameta upesi bila kupumzika, mara 2 kwa sekunde, kompyuta haikuandika kosa lolote. Ikimeta mara 2, ikanyamaza kwa sekunde moja na nusu, ikameta tena mara 2, hiyo ni 22. Makosa yakiwa mengi, nambari ndogo hutangulia.

Nambari 22 yahusu kipima joto cha maji, na hapo ndipo fedha za jamaa hupotea. Fundi mwenye haraka huamuru kinunuliwe kipya. Kikisha kufungwa, taa yarudi, na karo ya watoto imekwisha kuliwa. Lakini nambari haikusema kwamba kipima joto kimekufa! Ilisema tu kwamba kompyuta haipati habari iliyo sawa katika njia ile. Pengine waya umeguguniwa na panya, pengine kiungio kimeshika kutu. Chomoa kiungio, ukipime kipima joto chenyewe: maji yakiwa na joto la digrii 20, yapasa kuonekana ohmu 2,000 hata 3,000, kwenye digrii 80, ohmu 200 hata 400. Ikiwa hivyo, kifaa ni kizima, fuata waya.

Kosa hilohilo laeleza kwa nini motokaa hukataa kuwaka asubuhi za baridi, kama zile za Bukavu. Kompyuta isiyopata habari ya kuaminika huchukua kwamba maji yana digrii 80, na injini baridi hupewa petroli pungufu kuliko haja yake. Mwenye motokaa hulaumu beteri, akanunua na beteri.

Matengenezo yakiisha, funga ufunguo, ondoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kompyuta isahau makosa ya zamani. Endesha siku moja au mbili, kisha hesabu tena.