Dawa kufika tumboni si kufika mapafuni

Kifua kikibana, vijana wengi wa mjini tuna tiba moja: kemisti wa kona. “Daktari, nipatie amoksilini za soo.” Unahesabiwa vidonge, unameza viwili pale pale, unadandia matatu. Ukipata nafuu siku ya tatu, zilizobaki zinawekwa kando zimngoje rumeti akianza kukohoa.

Sheria inataka antibiotiki ziuzwe kwa cheti cha daktari, lakini hilo tumelisikia mpaka tumelizoea. Kuna sababu nyingine ambayo hatuambiwi: dawa ikimezwa, safari ndiyo kwanza inaanza. Hutoka tumboni ikaingia kwenye damu, kisha lazima ipenye kuta za vifuko vya hewa hadi kwenye majimaji membamba yanayovifunika kwa ndani. Bakteria wa nimonia wamepiga kambi huko.

Kiasi kinachofika huko hupimwa, tena kwa ujanja. Daktari hupitisha mrija wenye kamera hadi mapafuni, akamimina maji ya chumvi, kisha akayafyonza tena. Maji hayo yameshazimua dawa, kwa hivyo maabara hupima pia yurea, ambayo hupenya kwa urahisi na huwa na kiwango kimoja kwenye damu na mapafuni. Tuseme yurea imeonekana kupungua mara 50: basi kipimo cha dawa nacho kinazidishwa mara 50. Hesabu ya shule tu.

Vipimo vya aina hii vimeonyesha kuwa dawa hazilingani. Azithromaisini hujikusanya kwa wingi ndani ya seli za mapafu kuliko kwenye damu. Jentamaisini hupenya kwa shida. Na kuna daptomaisini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa maambukizi ya ngozi. Maabarani iliua bakteria wa nimonia bila taabu, lakini ilipopewa wagonjwa wa nimonia haikufua dafu mbele ya seftriaksoni, dawa ya zamani. Ute wa mafuta unaosaidia vifuko vya hewa visijifunge huinasa na kuizima.

TB nayo ni kesi ngumu zaidi. Bakteria wake hujificha kwenye vidonda vilivyojaa uozo mzito usio na mishipa ya damu. Mwaka 2015 watafiti walichapisha picha za dawa ndani ya vipande vya mapafu ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji Korea Kusini. Rifampisini na pirazinamidi ziliingia hadi ndani ya uozo ule; moksifloksasini ilibaki zaidi pembeni. Ndiyo maana TB haitibiwi kwa kidonge kimoja cha kubahatisha. Matibabu ya kawaida ni dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4.

Sasa rudi kwa vile vidonge vya soo. Dozi hupangwa ili dawa ya kutosha ifike palipo na ugonjwa na ikae muda wa kutosha. Ukiikata nusu, hujaokoa pesa. Umepeleka dawa kidogo mahali pagumu, wanyonge wakafa, wakali wakabaki na kuzaana. Usugu huanza hivyo, na siku moja wakali hao watamfikia nyanya yako au mtoto wa jirani. Na kama kikohozi kimeletwa na virusi, kama ilivyo mara nyingi, antibiotiki haina kazi yoyote hapo.

Najua utaniambia foleni ya hospitali inakula siku nzima, na ukikosa kazi leo hulipwi. Ni kweli, na serikali za kaunti zinafaa kubanwa zilete vipimo karibu na mitaa tunakoishi badala ya kutuachia kemisti awe daktari. Lakini kikohozi kikifika wiki mbili, kipimo cha TB na dawa zake ni bure katika vituo vya afya vya umma. Na kemisti akikataa kukuuzia antibiotiki bila cheti, usimtukane wala usihamie duka la pili. Yeye ndiye anayefanya kazi yake.