Pesa Zimefika, Meseji Bado: Mfanyabiashara Anafaa Kuujua Mtandao

Tukiwa mwaka wa 3 chuoni, sisi wanne tulikuwa na biashara ndogo ya smokie na mayai nje ya hosteli. Mkokoteni mmoja, kachumbari ndani ya ndoo, na till namba tuliyoibandika kwa selotepu. Jioni moja dada wa mwaka wa kwanza alinunua vitu vya shilingi 180. Akalipa kwa simu, akatuonyesha meseji kwamba pesa zimetumwa. Simu yetu ikanyamaza.

"Haijaingia," tukamwambia.

"Lakini si mnaona hapa imeenda?"

"Dada, hiyo ni yako. Yetu haijaingia."

Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, na wengine walishaanza kumwangalia kama tapeli. Akatuma tena. Baada ya nusu saa hivi, meseji mbili ziliingia kwa mpigo, kila moja ya 180. Tulimrudishia zake usiku huo huo. Pesa zilirudi, lakini yeye hakurudi kununua kwetu hadi tukamaliza chuo.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba wiki hiyo hiyo tulikuwa na mtihani wa mawasiliano ya data na mitandao, kozi ya lazima kwa sisi tuliosomea biashara. Tuliulizwa tabaka 7 za modeli ya OSI, ile ambayo shirika la viwango la ISO liliichapisha mwaka 1984. Tulizitaja zote, tena kwa mpangilio. Tukapita. Hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha mambo ya darasani na yale ya mkokoteni.

Sasa tunafanya kazi upande wa pili, kwa kampuni ya malipo, na maoni yetu ni haya: misingi ya mtandao si somo la mainjinia peke yao. Yeyote anayepokea pesa kwa simu, awe mwanafunzi wa biashara, mama mboga au mtu wa boda, anafaa kuijua. Si lazima ajue yote. Mambo matatu yanatosha kuanzia.

1. Meseji si pesa

Ukimtumia mtu shilingi 500, hakuna noti inayoruka hewani. Kinachosafiri ni maagizo. Yanatoka kwa simu yako hadi mlingoti ulio karibu, kisha yanapitia nyaya za faiba au mawimbi ya redio mpaka yafike kwa seva. Seva ndiyo daftari. Inaandika: toa 500 kwa huyu, ongeza 500 kwa yule. Ikishaandika, malipo yamekamilika, hata simu zote mbili zikizima dakika hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, habari ndiyo inayochelewa.

Kwa nini ichelewe? Kwa sababu SMS ina safari yake. Kwanza inahifadhiwa kwenye kituo cha meseji, halafu kituo kinaitafuta simu ya mpokeaji. Kama simu imezimwa, iko mahali signali haifiki, au mlingoti umelemewa na watu wengi, meseji inasubiri na kujaribiwa tena baadaye. Ya mtumaji na ya mpokeaji ni meseji mbili tofauti, zenye safari mbili tofauti. Ndiyo maana ya yule dada ilifika na yetu ikakwama.

Hapa pia ndipo matapeli wanapopata mwanya. Kama meseji ni habari tu, basi mtu anaweza kutunga habari ya uongo. Anaweza kuandika meseji inayofanana kabisa na ya kweli, au kukuonyesha picha ya malipo ya wiki iliyopita. Kwa hivyo usimwite mteja mwizi kwa sababu meseji haijafika, na usimpe mtu bidhaa kwa sababu tu amekuonyesha meseji. Fungua menyu yako mwenyewe, uangalie salio au orodha ya malipo. Huko ndiko kwenye daftari.

2. Kimya hakikuambii ni nini kimepotea

Zile namba zinazoanza na nyota na kuishia na alama ya reli zinatumia njia inayoitwa USSD. Hii si kama SMS. Inafanana zaidi na kupiga simu: mnaongea moja kwa moja na seva, na mazungumzo yakikatika, hakuna mahali yanapohifadhiwa ili yaendelee baadaye.

Sasa fikiria umeweka PIN, ukabonyeza, na skrini ikakatika. Kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea. Huenda ombi lako halikufika. Au lilifika, seva ikalipa, na jibu ndilo lililopotea njiani likirudi. Kwa macho yako, yote mawili yanafanana.

Waliobuni intaneti walikutana na shida hii hii. Itifaki ya TCP, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mambo unayofungua kwenye intaneti, inazipa data namba za mfuatano. Anayepokea anajibu "nimepata". Jibu lisiporudi, anayetuma anatuma tena, na kama data ilikuwa imeshafika, mpokeaji anaijua kwa namba yake na kuitupa nakala. Kutuma mara mbili hakuleti hasara.

Sisi binadamu hatufanyi hivyo. Ukianza upya kwenye menyu na kuweka PIN tena, umefungua malipo mapya yenye kodi mpya. Seva haiwezi kujua kama unarudia kwa hofu au unalipa kitu kingine. Shilingi 180 za pili za yule dada hazikuwa kosa la mashine. Sisi ndio tulimsukuma abonyeze.

Sheria yetu sasa ni moja: skrini ikikatika, angalia salio kabla ya kurudia. Ni dakika moja tu, na mteja wako ataielewa ukimweleza vizuri.

3. Usitegemee njia moja

Tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilidorora Kenya, Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Wengi walishangaa: hitilafu iko huko mbali, mbona duka langu hapa linaumia?

Ni kwa sababu data nyingi tunazotumia hutoka nje ya nchi. Kabla ya 2009, mwaka ambao nyaya za TEAMS na Seacom zilifika Mombasa, intaneti yetu ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya dunia, polepole na kwa bei ya juu. Nyaya za baharini zilibadilisha mambo. Lakini waya ni waya, unaweza kukatika, na ndiyo maana nchi inahitaji zaidi ya mmoja.

Duka lako ni vivyo hivyo. Programu kwenye simu inahitaji bando au waifai. Menyu ya USSD haihitaji bando, inapita kwenye mtandao wa simu wenyewe, na hata kabambe inaiweza. Moja ikisumbua, jaribu nyingine. Lakini jua pia kwamba hizo ni milango miwili ya nyumba moja. Seva yenyewe ikiwa na shida, yote miwili imefungwa. Siku hiyo utashukuru kama ulikuwa na chenji kidogo kwenye droo na daftari la kuandika nani amelipa nini.

Wengine watasema hii si kazi yao

Tumeshaambiwa: "Dereva hahitaji kuwa makanika." Ni kweli. Lakini dereva asiyeweza kutofautisha gari lililoishiwa mafuta na gari lililopata pancha atalala barabarani. Neno "mtandao unasumbua" tumelifanya jibu la kila kitu. Meseji ikichelewa, mtandao. Bando likiisha, mtandao. Mtu akikosea namba ya till, bado ni mtandao. Usipojua ni nini kimeharibika, hutajua kama usubiri, ujaribu njia nyingine au upigie huduma kwa wateja.

Na sisi wa masoko hatuna mikono safi. Tumeandika matangazo mengi yanayosema "papo hapo", kwa herufi kubwa. Mteja aliyeahidiwa papo hapo ataona dakika mbili za kimya kama wizi, na ana haki. Tunaamini kampuni kama yetu inafaa kusema ukweli mapema: huduma ikiwa na hitilafu, mteja aambiwe kabla hajabonyeza mara tatu. Hilo tunalisema hata kwenye mikutano ya ofisini, na si kila mara linapokelewa kwa makofi.

Walimu wa vyuo nao tunawaomba kitu kimoja. Tabaka 7 zibaki kwenye mtihani, hatuna ubaya nazo. Ila siku ya kwanza, kabla ya mchoro wowote, mwambieni mwanafunzi atoe simu, amtumie mwenzake shilingi 10, kisha muulizeni: pesa ziko wapi sasa hivi, na umejuaje?

Wewe msomaji unaweza kulifanya jaribio hilo leo kabla hujafunga duka. Mwite anayekusaidia kuuza, mfundishe kuangalia salio bila kungoja meseji, na mkubaliane mtakachomwambia mteja wakati simu imenyamaza.

Na kwa yule dada, kama siku moja utayasoma haya: ulikuwa umeshalipa mara ya kwanza. Samahani.