Mpango wa Pili Ujadiliwe Mgonjwa Akiwa Macho

Binti wa miaka 22 analazwa ili valvu ya moyo wake irekebishwe. Usiku wa kuamkia upasuaji analetewa fomu ya ridhaa, anatia saini, basi. Kesho yake kifua kinafunguliwa, valvu inakutwa imekakamaa, hairekebishiki. Anazinduka akiwa na valvu ya chuma na dawa ya kumeza maisha yake yote. Nani alimuuliza? Hakuna.

Na tusiambiwe ilikuwa dharura! Valvu nyingi za vijana wetu zimeharibiwa na homa ya rumatiki, iliyoanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni. Homa hiyo huzifanya valvu kuwa nene na kuzigandanisha. Kwamba huenda zisirekebishike, mpasuaji anajua tangu anapotazama picha za eko. Kama anajua, kwa nini mwenye moyo asijue?

Wanasema mgonjwa ataogopa. Huko ni kumdharau. Ataogopa zaidi siku atakapobeba mimba ndipo aambiwe kuwa wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Na hawezi kuiacha hivi hivi, maana damu ikiganda kwenye valvu ya chuma, inaua. Vidonge vipya visivyohitaji kupimwa damu mara kwa mara havifai kwa valvu hiyo. Kwa hiyo atapima INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, miaka yote. Anayeishi mbali, kama Kakonko, atapimia wapi, kwa nauli ya nani? Swali hilo lina uzito sawa na ustadi wa kisu, lakini sijui ni wodi gani huliuliza.

Ipo valvu ya tishu, ya ng'ombe au ya nguruwe. Kwa kawaida haimfungi mtu na wafarini maisha yote, ila kwa kijana huchakaa mapema. Baada ya miaka kumi hivi, pengine kabla, kifua kitafunguliwa tena. Binti anayetaka kuzaa kwanza anaweza kuikubali hatari hiyo. Mwingine atakataa. Na Mwislamu ana haki ya kuambiwa ni ya mnyama gani kabla haijashonwa kifuani mwake, si baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Tunaambiwa tujivunie kwamba upasuaji huu sasa unafanyika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, hatulazimiki tena kwenda India. Tunajivunia. Lakini daktari anayeweza kuusimamisha moyo na kuuwasha upya hakosi nusu saa ya kuzungumza na mgonjwa mwenyewe, wala saini kwenye fomu si mazungumzo.

Wewe unayesubiri tarehe ya upasuaji, tibu meno yako kwanza, maana vijidudu vya kinywani hupenda valvu mpya. Kisha muulize daktari, mbele ya mwenzi au mzazi wako: ikishindikana kurekebisha, utaniwekea nini, na kwa nini hiyo? Usitie saini mpaka akujibu.