Megapikseli 200, Picha ya 12

Agosti 2025, kampuni ya simu ya Nothing, yenye makao yake London, ilikutwa inajivunia picha zisizo zake. Katika simu za maonyesho za Phone (3), zile zinazowekwa madukani ili mteja azishike na kuzijaribu, mlikuwa na picha 5 zilizoelezwa kuwa ni kazi ya watumiaji wa simu hiyo. Kumbe zilikuwa picha zilizolipiwa leseni kutoka soko la picha la mtandaoni. Mmoja wa wapiga picha alithibitisha kwamba yake aliipiga mwaka 2023 kwa kamera ya Fujifilm X-H2S. Phone (3) ilizinduliwa Julai 2025. Mwanzilishi mwenza wa kampuni hiyo, Akis Evangelidis, alieleza kwamba picha zile ziliwekwa kushika nafasi tu, zikasahaulika kubadilishwa.

Maelezo hayo hayatoshi. Picha ya kushika nafasi haihitaji maandishi yanayomwambia mteja imepigwa kwa simu aliyoishika mkononi. Aliyeyaandika alijua anamwambia nani na kwa nini. Na hata tukikubali kwamba ulikuwa usahaulifu, ni usahaulifu wa aina moja unaojirudia katika biashara hii kwa zaidi ya miaka kumi, na kila mara kosa huangukia upande wa kuipamba simu. Sijasikia kampuni iliyosahau ikaonyesha picha mbaya kuliko uwezo wa kamera yake.

Mwaka 2012 Nokia ilitangaza Lumia 920 kwa video ya kijana anayeendesha baiskeli, ikidaiwa kuonyesha jinsi simu hiyo inavyotuliza mtikisiko. Watazamaji wenye macho makali wakaona kwenye kioo cha dirisha gari likifuatana naye, ndani yake mtu na kamera kubwa ya kitaalamu. Nokia ikaomba radhi. Mwaka 2016 Huawei ilichapisha picha ya kuvutia ya mwanamke kwenye mwanga wa alfajiri, ikaambatanisha maneno yaliyoifanya ionekane ni kazi ya simu yake ya P9. Taarifa zilizofichika ndani ya faili zikasema imepigwa kwa Canon EOS 5D Mark III. Huawei nayo ikaomba radhi. Miaka miwili baadaye, tangazo la Huawei nchini Misri likaumbuka tena pale mwigizaji aliyeshiriki alipoweka mtandaoni picha za nyuma ya pazia, na ndani yake ikaonekana kamera kubwa iliyofanya kazi ambayo tangazo lilidai imefanywa na simu.

Nina hasira na visa hivi, lakini si kwa sababu wanayoitaja wengi. Udanganyifu wa namna hii una mwisho: mtu anafungua faili, ukweli unatoka, kampuni inaomba radhi. Kinachoniudhi zaidi ni kile ambacho visa hivi vinakifichua bila kukusudia. Tazama ni kamera gani zilizotumika pale kampuni za simu zilipohitaji picha nzuri kweli. Canon EOS 5D Mark III ina megapikseli 22. Fujifilm X-H2S ina 26. Phone (3) inauzwa kwa sifa ya kamera za megapikseli 50, tatu nyuma na moja mbele. Simu ya 50 ilipambwa kwa picha ya kamera ya 26. Kama namba hiyo kubwa ndiyo ubora, mbona picha ya kuipamba simu ilitoka kwenye kamera yenye nusu yake?

Hapo ndipo lilipo dai ninalotaka lishughulikiwe, kwa sababu ndilo linalouza simu nyingi kuliko picha yoyote ya kuazima. Ni ile namba iliyochapishwa kwa herufi nene kwenye boksi, kwenye bango la barabarani na kwenye mdomo wa muuzaji: 50, 64, 108, 200. Namba hiyo si uongo kwa maana ya kisheria. Ukivihesabu vijidirisha vya kupokea mwanga, yaani pikseli, juu ya kihisi cha kamera, idadi inafika. Upotoshaji uko kwenye kile ambacho mnunuzi anafanywa aamini, yaani kwamba picha atakayopiga itakuwa na ukubwa huo.

Haitakuwa. Chukua simu ya megapikseli 200, kwa mfano Samsung Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023. Iwashe, piga picha bila kugusa mipangilio, kisha fungua maelezo ya faili. Utakuta takriban megapikseli 12. Simu imezikusanya pikseli 16 na kuzifanya moja, na 200 ukigawa kwa 16 unapata 12 na nusu. Simu za 108, kama Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020, huunganisha pikseli 9: unapata 12. Simu nyingi za 50 huunganisha 4: unapata 12 na nusu. Weka simu hizo tatu mezani, zenye namba tatu zinazopishana mara nne, bei zikipishana vilevile, na zote tatu zitakupa faili lenye ukubwa uleule, kama pikseli 4,000 kwa 3,000.

Kwa nini wahandisi wameipanga hivyo? Kwa sababu wanajua. Kinachojenga picha ni mwanga, na mwanga hupokewa na eneo la kihisi. Kihisi cha megapikseli 200 kilichomo kwenye S23 Ultra kina upana wa milimita 10 hivi na kimo cha milimita 7 na ushei, na kila pikseli ina upana wa mikromita 0.6. Kihisi cha ile Canon ni milimita 36 kwa 24, eneo kubwa takriban mara 12. Chapati ukiikata vipande 12 au vipande 200, unga ni uleule. Pikseli ndogo kiasi hicho, kwenye ukumbi wa harusi saa tatu usiku, hazipati mwanga wa kutosha kila moja peke yake. Picha inajaa chembechembe, programu inazifuta, na pamoja nazo inafuta nywele, nakshi za kanga na sura ya bibi harusi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaumia zaidi hapo, kwa sababu ngozi yetu inarudisha mwanga kidogo kwa kamera, na programu iliyokosa taarifa hujaza kwa kulainisha na kung'arisha. Basi wahandisi wanaziunganisha pikseli ili zisaidiane. Ni uamuzi mzuri wa kiufundi, na ndio ushahidi mkubwa dhidi ya tangazo: watengenezaji wenyewe, kwa mpangilio wa kwanza kabisa wa simu yao, wameamua kwamba picha bora ni ile ya 12. Kisha idara ya masoko ikaandika 200.

Angalau namba hiyo ingeandamana na ukubwa wa kihisi, mnunuzi angekuwa na pa kushikia. Lakini nao umefichwa ndani ya kipimo cha ajabu. Kihisi kinachoitwa cha "inchi 1" hakina inchi 1 popote. Ni milimita 13.2 kwa 8.8, na kutoka pembe hadi pembe ni milimita 16 hivi, wakati inchi ni milimita 25.4. Kipimo hicho kimerithiwa kutoka enzi za kamera za televisheni zenye mirija ya kioo, ambapo kilichohesabiwa ni kipenyo cha nje cha mrija mzima. Mirija imekwisha kutupwa miaka mingi iliyopita, kipimo kimebaki, na kinaendelea kuchapishwa kwenye matangazo kana kwamba mnunuzi akichukua rula atakikuta.

Kuna wanaotetea. Wanasema ukiwa kwenye jua kali unaweza kuiamuru simu ikupe picha kamili ya megapikseli 200, na kwamba pikseli nyingi husaidia kukata kipande cha katikati bila picha kuharibika sana. Ni kweli, kwa jua kali. Wanasema pia kwamba programu leo ni sehemu ya upigaji picha, hivyo haifai kuhukumu kihisi peke yake. Sawa. Na wapo wanaosema matangazo yote hutia chumvi na mteja anajua. Mteja gani huyo? Anayechukua simu kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo kila siku hajui, na hana wajibu wa kusomea macho ya kamera ili asidanganywe.

Kwa huyo ndipo subira yangu inapokwisha. Zimeuzwa Afrika simu za bei ya chini zenye maduara matatu au manne nyuma, zikitangazwa kuwa na kamera tatu au nne za AI, yaani akili mnemba. Moja ni kamera kweli. Nyingine ina megapikseli 2, ya kupima kina au kupiga vitu vya karibu, na picha zake hazina maana. Na duara la mwisho, linaloitwa "lenzi ya AI" bila maelezo zaidi, linaweza kuwa na kihisi cha QVGA: pikseli 320 kwa 240, yaani 76,800 kwa jumla. Hiyo si hata sehemu moja ya kumi ya megapikseli moja. Kimewekwa pale ili duara lionekane. Kumtoza mtu wa kipato cha chini kwa duara la mapambo, kisha kuliita akili mnemba, ni kumwibia, na sioni sababu ya kutafuta neno laini zaidi.

Huku juu kwenye simu za bei kubwa mambo si safi pia. Galaxy S20 Ultra iliandikwa mgongoni, kando ya lenzi, kwamba inakuza mara 100, wakati kioo cha lenzi yake ya mbali kinakuza mara 4 hivi. Kilichobaki ni kukata na kukisia. Machi 2023 mtumiaji mmoja aliichukua picha ya mwezi, akaitia ukungu mpaka mabonde yake yakapotea kabisa, akaionyesha kwenye kioo cha kompyuta na kuipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikamrudishia mwezi wenye mabonde. Samsung ikaeleza kwamba programu yake huutambua mwezi na kuuongezea undani. Hayo yangeandikwa kwenye tangazo tangu mwanzo, nisingekuwa na neno.

Swali ni kwa nini haya yanapita. Angalia yaliyowapata watengenezaji haohao kwenye suala la maji. Novemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 kwa namna ilivyotangaza uwezo wa iPhone kuhimili maji. Mwaka 2022 mahakama nchini Australia iliiamuru Samsung ilipe dola za huko milioni 14, kwa sababu matangazo yalionyesha simu za Galaxy zikitumika kwenye mabwawa na baharini. Kesi hizo ziliwezekana kwa kuwa dai la maji lina kipimo: kina gani, dakika ngapi, maji ya aina gani. "Ubora wa kitaalamu", "usiku kama mchana" na "kamera ya AI" havina kipimo chochote, na mwanasheria wa kampuni anajua hivyo kabla bango halijachapishwa. Utata huo ni kinga, na umetengenezwa kwa makusudi.

Lakini utata huondoka ukilazimishwa kuondoka. Mwaka 2000 Fujifilm ilitangaza FinePix 4700 kuwa inatoa picha za pikseli milioni 4.3, ilhali kihisi chake kilikuwa na milioni 2.4. Baada ya enzi ile, watengenezaji wa kamera wa Japani walijiwekea mwongozo wa kutenganisha pikseli zinazofanya kazi kweli na zile zilizoongezwa kwenye faili, na leo mambo hayo yanasimamiwa na chama chao, CIPA, kilichoundwa mwaka 2002. Ndiyo maana ukinunua kamera halisi leo, namba yake inakuambia kitu.

Kwetu sheria haihitaji kutungwa upya. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kupotosha wateja. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza madai ya uongo na ya kupotosha. Taasisi zinazosimamia sheria hizo zidai mambo matatu kwenye kila boksi na kila bango linalotaja megapikseli: ukubwa wa picha ambayo simu inatoa bila kubadilishwa mipangilio, kwa herufi zisizo ndogo kuliko namba nyingine, urefu na upana wa kihisi kwa milimita, na kila lenzi ya nyuma itajwe inafanya nini na ina pikseli ngapi. Picha yoyote iliyoko kwenye tangazo la kamera iwe imepigwa na simu hiyohiyo, na faili lake la asili lipatikane kwa yeyote anayetaka kulikagua.

Wakati tunawasubiri, wewe unayekwenda Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi mwisho wa mwezi, usisome boksi. Mwombe muuzaji awashe simu. Piga picha ndani ya duka, kwenye kona isiyo na taa, ya mtu anayetembea, kisha fungua maelezo ya faili uone ukubwa wake. Ziba lenzi moja moja kwa kidole, uone ipi ikizibwa hakibadiliki kitu. Muuzaji akikataa kuiwasha, ingia duka la pili.